Msaada Ulionirudishia Maamuzi Yangu

Usiku nilipofika nyumba salama, makazi ya siri ya shirika linalowapokea wanaokimbia ukatili wa ndoa, mama aliyenipokea aliniuliza, "Dada, ungependa chumba cha karibu na mlango au cha ndani?" Nilinyamaza. Akauliza tena taratibu, kisha akavuta kiti, akakaa, akaniambia hana haraka. Mwanangu mdogo alikuwa amelala begani kwangu, mkubwa ameng'ang'ania upindo wa gauni langu, nami akili yangu yote ilikuwa ikitafuta jibu ambalo halitamuudhi huyu mama. Chumba chenyewe sikukifikiria hata kidogo. Nilichokuwa nawaza ni jibu lipi analitaka.

Ndivyo nilivyokuwa nimeishi. Katika ndoa ile, mtu mmoja ndiye aliyeamua nivae nini, nimpigie nani, nicheke kwa sauti gani mbele ya wageni, na hata taa izimwe saa ngapi. Nilijifunza kuusoma uso wake kabla hajavuka kizingiti. Kwa hiyo nilipoulizwa jambo dogo kama chumba, sikuwa na mahali pa kulitolea jibu. Mama yule hakunichagulia. Alisubiri mpaka nikasema, kwa sauti ya chini, "Cha ndani." Akasema, "Sawa, cha ndani," akatuongoza.

Nimesimulia hilo kwanza kwa sababu yote mema niliyofanyiwa na shirika lile baadaye yalikuwa na sura hiyo hiyo. Walinipa kitanda, mwanasheria, mnasihi, hata nauli. Lakini kilichonirudisha kuwa mtu ni kwamba katika kila hatua waliniwekea mambo mezani wakaniacha niamue, na waliendelea kuwapo muda mrefu baada ya hatari ya kwanza kupita. Sasa mimi ni miongoni mwa wanaojitolea kupokea simu za shirika hilo, na bado naona watu wema, wenye nia safi kabisa, wakiwasaidia manusura kwa namna inayowanyang'anya tena kile walichokwisha kunyang'anywa. Ndiyo maana naandika.

Siku za mwanzo mnasihi wangu alinionyesha karatasi yenye mchoro wa gurudumu. Mchoro huo ulitengenezwa mwaka 1984 katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota nchini Marekani, kutokana na maelezo ya wanawake waliokuwa wamepitia ukatili wenyewe. Katikati yameandikwa mamlaka na udhibiti. Kuzunguka hapo kuna vipande: vitisho, kumdhalilisha mtu kwa maneno, kumtenga na ndugu na marafiki, kutumia watoto, kumnyima fedha, kupuuza maumivu yake au kumgeuzia lawama. Kipigo kimewekwa kwenye ukingo wa nje, kama ile pete inayolishikilia gurudumu lote lisiachane. Niliisoma karatasi ile nikaitua mezani, nikaichukua tena. Mimi nilikuwa nahesabu ukatili kwa makofi. Miezi ambayo hakunigusa niliiita miezi ya amani. Kumbe miezi hiyo ndiyo aliyochukua kadi yangu ya benki, akagombana na dada yangu hadi akaacha kuja kwetu, na akaanza kuniuliza mbele ya watoto kama nina akili timamu.

Baadhi ya sheria za dunia zimeanza kulitambua hilo. Uingereza, kwa mfano, ilifanya udhibiti wa mabavu ndani ya familia kuwa kosa la jinai mwaka 2015, hata pasipokuwa na jeraha la kuonyesha. Nilipoelezwa habari hiyo nililia, na sikuwa naishi huko wala haingenisaidia kitu mahakamani. Nililia kwa sababu kumbe kuna mahali watu wazima walikaa bungeni wakakubaliana kwamba kile nilichokuwa nakiona ni kitu halisi.

Swali lililonishtua zaidi wiki ile lilihusu shingo. "Amewahi kukukaba koo?" Mnasihi aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye fomu, kisha akayainua. Nikasema ndiyo, lakini haikuacha alama. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba tangu miaka ya 1980 kuna orodha ya maswali ya kupima hatari ya kuuawa, iliyobuniwa na muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, na kwamba kukabwa koo ni miongoni mwa dalili nzito kuliko zote. Utafiti uliochapishwa huko mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa naye. Akaniambia pia kwamba kukabwa kunaweza kuumiza mishipa ya damu ndani ya shingo bila alama yoyote nje, na madhara yakajitokeza siku kadhaa baadaye. Kesho yake alinisindikiza hospitali.

Ninaliandika hili waziwazi kwa sababu wengi huliona jambo dogo. "Alinishika shingo tu," husema kwenye simu. Ukisikia neno hilo kwa ndugu au rafiki yako, usilipite.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba wakati wa kuondoka, pamoja na miezi inayofuata, ndio wakati wa hatari kubwa. Mtu anayeishi kwa kumtawala mwenzake hukasirika kuliko siku zote anapoona utawala unamponyoka. Kwa hiyo lile shinikizo la marafiki na majirani, "Beba vitu vyako utoke leo," laweza kumpeleka mtu kaburini kama hakuna mpango. Mimi nilikuwa nimezungumza na shirika kwa simu ya mfanyakazi mwenzangu kwa muda kabla ya kutoka. Hawakuniambia hata mara moja "ondoka." Waliniuliza anarudi saa ngapi, funguo zinakaa wapi, watoto wanasoma wapi, nani mwingine ana ufunguo wa nyumba. Waliniambia nipige picha vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho, kadi za kliniki na cheti cha ndoa, nizitume kwa mtu ninayemwamini kisha nizifute kwenye simu yangu. Tukakubaliana neno moja la kawaida ambalo nikilisema, yeyote anayelisikia apige simu polisi bila kuniuliza kwa nini.

Na simu! Watu hawajui simu inavyoweza kumchongea mtu. Akaunti yangu ya barua pepe ilikuwa wazi kwenye simu yake, na mahali nilipo palikuwa panaonekana kwake muda wote kwa sababu yeye ndiye aliyeniwekea simu ile iliponunuliwa. Shirika lilinishauri nisibadilishe nywila zote kwa mkupuo nikiwa bado ndani ya nyumba, maana angegundua kuna jambo. Nilisubiri hadi nilipokuwa mahali salama. Kishikwambi cha mtoto nacho kilikaguliwa, kwani michezo mingine ya watoto ina sehemu ya kutumiana ujumbe, na baba anaweza kuuliza kwa upole, "Mko wapi mwanangu?"

Baada ya hapo ikaja kazi ya karatasi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapochoka na kurudi. Mtu akisikia kujenga maisha upya hufikiria ujasiri na machozi. Sehemu kubwa ya ujenzi wangu ilikuwa foleni. Foleni ya amri ya mahakama ya kumzuia asinisogelee. Foleni ya kuhamisha watoto shule bila shule ya zamani kutaja wamehamia wapi. Foleni ya benki kufungua akaunti, na benki inataka uthibitisho wa makazi, na makazi yangu ni siri. Ilibidi shirika liandike barua maalumu, na afisa mmoja wa benki hiyo aliisoma kwa sauti mbele ya wateja wengine. Mwenzangu wa shirika alinyoosha mkono kwa utulivu akaichukua barua ile, akaomba tuongee ndani. Mimi peke yangu ningeondoka na nisirudi tena.

Kisha likaja deni. Nilikuta kuna mkopo kwa jina langu nisioukumbuka kuuomba, na mwingine niliosaini nikiwa nimesimamiwa. Ukatili wa kiuchumi hauna kelele, lakini ndio uliotaka kunirudisha kwa magoti. Mshauri wa madeni anayejitolea pale alikaa nami jioni nyingi. Tulipanga barua zote juu ya meza kwa tarehe. Nyingine sikuwahi kuzifungua, nilikuwa naziogopa kama zitaniuma. Alinifundisha kuzifungua kwa kisu, kuandika juu ya kila moja kiasi, tarehe na jina la anayedai, halafu kuiweka kwenye jalada. Hakunilipia deni. Aliniandalia maelezo ya kuwapa wakopeshaji, mmoja akakubali kusimamisha riba, mwingine akakataa, na huyo aliyekataa tukampangia malipo ya kidogo kidogo ambayo ningeyamudu. Siku nilipopiga simu ya kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe, yeye alikaa kiti cha pembeni akinyamaza. Nilipokata simu akasema tu, "Umeongea vizuri, dada."

Mahakamani niligundua kwamba chumba cha kesi chenyewe si kibaya sana. Kuna hakimu, kuna utaratibu. Ubaya uko kwenye korido. Pale mnasubiri wote, mume na ndugu zake upande mmoja, wewe upande mwingine, kwa saa nyingi. Anaweza asiseme neno. Anakohoa tu, ule mkohoo unaoujua wewe peke yako. Dada aliyenisindikiza kutoka shirika alikuwa amefika mapema akachagua benchi, akakaa upande ule ambao mume wangu angekuwa akinitazama, akafungua gazeti kubwa. Sikuweza kumuona mume wangu wala yeye hakuweza kuniona. Nilipewa amri ya zuio siku hiyo. Ushahidi wangu mwingi ulikuwa daftari: tarehe, kilichotokea, nani alikuwapo, pamoja na cheti cha daktari na ujumbe wa simu uliohifadhiwa. Kama uko katika hali hiyo na una mahali salama pa kuweka kumbukumbu, hata kwa rafiki, ziweke.

Watoto nilidhani hawakuona mengi. Nilikuwa nikiwafungia chumbani, nikiwasha redio. Mkubwa alilala na viatu kwa majuma mengi baada ya kufika. Nilimvua, akaamka usiku akavivaa tena. Mnasihi wa watoto aliniomba nisimlazimishe. Alimuuliza mwenyewe viatu vinamsaidia nini, na mtoto akajibu kama mtu mzima: "Ili mama akisema tukimbie nisichelewe." Kwa hiyo mle chumbani, wakati mimi nimewasha redio, yeye alikuwa amekaa tayari. Walikubaliana viatu vikae sakafuni, pua zikielekea mlangoni. Ikawa hivyo kwa muda. Kisha vikasogea hadi chini ya kitanda, kisha vikawa popote, kama viatu vya mtoto mwingine yeyote. Hakuna aliyetoa hotuba juu yake. Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2021 inamhesabu mtoto anayeona, kusikia au kuathiriwa na ukatili huo kuwa mwathirika mwenyewe, wala si shahidi tu. Natamani kila nchi ingekuwa nayo, na natamani kila shirika linalopokea akina mama lingekuwa na mtu mmoja tu ambaye kazi yake ni watoto.

Sasa niseme juu ya kazi na kipato, maana hapo nina maoni makali. Mashirika mengi yana mradi mmoja wa kuwapatia wanawake wote: cherehani. Nina heshima kubwa kwa fundi cherehani, lakini mimi nilikuwa karani wa hesabu kabla mume wangu hajaniachisha kazi, na sijawahi kupenda kushona. Nilikuwa nimejiandaa kushukuru na kujifunza. Badala yake niliulizwa, "Ulikuwa ukifanya nini kabla, na ungependa kurudi huko au kwingine?" Ada yangu ya kozi fupi ya programu za hesabu za kompyuta ililipwa, na, jambo ambalo wafadhili hulisahau, mtu wa kuwaangalia watoto saa za masomo alilipwa pia. Bila huyo wa pili, ada ingekuwa kazi bure. Mwenzangu tuliyekuwa naye chumba jirani alitaka kweli cherehani, akapata, na leo anaishi kwayo. Mama mmoja mtu mzima hakutaka biashara wala kozi; alitaka asaidiwe kufuatilia haki yake ya kiwanja alichokinunua pamoja na mumewe, apangishe, apumzike. Alipata mwanasheria. Wanawake watatu, mahitaji matatu, na gharama yake haikupishana sana. Kilichohitajika ni mtu kuuliza.

Kazi ya kwanza niliyoomba waliniuliza kuhusu ile miaka mitupu kwenye maelezo yangu. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi swali hilo. "Nilikuwa na majukumu ya kifamilia, sasa yamekwisha." Basi. Hudaiwi na mwajiri simulizi ya majeraha yako, na ilinichukua muda kuamini hilo.

Usingizi haukurudi kwa amri. Nilishtuka kwa mlango wa gari, kwa harufu ya manukato fulani, kwa funguo zikigonga meza. Mnasihi alinieleza kwamba mwili uliokaa macho kwa miaka haujui kwamba vita vimeisha, na hauambiwi kwa maneno. Alinifundisha kuweka nyayo chini na kutaja vitu ninavyoviona chumbani, kimoja kimoja, mpaka moyo utulie. Kikundi cha wanawake kilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Hakuna aliyelazimishwa kuzungumza. Mara nyingi nilikaa nikasikiliza mwenzangu akisimulia jambo nililodhani limenipata mimi tu duniani, hata maneno yale yale ya matusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupitia ukatili wa kimwili au wa kingono katika maisha yake, na mara nyingi anayemtendea ni mwenzi wake. Kuisoma takwimu hiyo ni jambo moja. Kukaa katika duara la viti ukasikia mwanamke ambaye hujawahi kumwona akitamka maneno ya mume wako ni jambo jingine.

Kulikuwa na waliorudi kwa waume zao. Hili linawaumiza wafadhili na hata watumishi, na naelewa. Lakini kuondoka na kurudi ni jambo la kawaida kabisa kwa manusura. Wengi hufanya hivyo zaidi ya mara moja kabla ya kutoka moja kwa moja. Wanarudi kwa sababu ya fedha, kwa sababu ya watoto kulilia baba, kwa sababu wazazi wamesema ndoa ni kuvumiliana, kwa sababu bado wanampenda. Nilimshuhudia mwenzetu akifunga mizigo. Mtumishi aliyekuwa zamu hakumlaumu wala kumtisha. Walikaa wakapitia tena mpango wake wa usalama, namba alizozikariri kichwani, mahali pa kuficha nauli, na neno la siri. Akamwambia, "Ukitupigia, hatutakuuliza kwa nini ulirudi." Alipiga, miezi mingi baadaye. Hatukumuuliza. Naamini kabisa kwamba maneno yale ya kuagana ndiyo yaliyomwezesha kupiga. Wale tunaowaambia "Ukirudi huko usinitafute tena" hutii, hawatutafuti, na mumewe hapo amefanyiwa kazi yake ya kumtenga.

Nilipohama nyumba salama na kupanga chumba changu, nilidhani msaada umefika mwisho. Usiku ule kimya kilikuwa kizito kiasi kwamba nilifikiria kumpigia mume wangu, nisikie tu sauti ya mtu. Hili halisemwi sana. Upweke wa baada ya uhuru ni mkali, na aliyekutesa ndiye mtu unayemjua kuliko wote. Siku ya pili mfanyakazi wa shirika alikuja na balbu, kitasa imara na bisibisi. Tukabadilisha kitasa pamoja. Aliniachia namba na kuniambia atakuja Jumatano, na Jumatano akaja. Alikuja kwa zaidi ya mwaka, mara nyingi kwanza, kisha kwa nadra, na tulikuwa tunakubaliana mimi na yeye lini apunguze.

Kazi hiyo ya kurudi kila Jumatano ndiyo ngumu kuchangiwa. Wafadhili hupenda vitanda, rangi ukutani, kibao cha uzinduzi. Mshahara wa mtu anayepanda gari kwenda kunywa chai na manusura mwaka wa pili hauna picha nzuri. Tena picha yenyewe ni tatizo. Niliwahi kuombwa nisimame mbele ya wageni nisimulie "safari yangu", na mkurugenzi wetu akaniambia mapema, faraghani, kwamba nikikataa hakuna kitakachopungua kwangu. Nilikataa. Hakikupungua kitu. Yapo mashirika ambako simulizi ya mwanamke ndiyo malipo ya kitanda chake, na hilo siwezi kulitetea hata kama fedha zinazopatikana zinafanya kazi njema. Uso ukishaingia mtandaoni hautoki, na anayemtafuta anao muda.

Vivyo hivyo na nguo. Tulipokea magunia ya nguo zilizochoka, na watu walitoa kwa moyo, nalijua hilo. Lakini nilichokikumbatia siku ya kwanza ni nguo mpya za ndani, bado ziko kwenye karatasi yake, za kipimo changu, kwa sababu kuna mtu aliniuliza kipimo. Mswaki wa kila mtoto wenye rangi aliyochagua mwenyewe. Taulo za kike. Laini ya simu yenye muda wa maongezi. Begi la kawaida lenye zipu, ili nisitembee na vitu vyangu kwenye mfuko wa plastiki.

Mama mmoja mzee anayejitolea nasi hupenda kutukumbusha kwamba nyumba hizi hazikuanzishwa na serikali. Mwaka 1971, katika mtaa wa Chiswick, London, Erin Pizzey na wenzake walifungua nyumba ndogo ya wanawake kukutana, na walioanza kugonga mlango walikuwa wamekimbia vipigo, wakiwa na watoto. Nyumba ikajaa kupita kiasi. Watu wakalala sakafuni. Hakukuwa na mwongozo wala bajeti. Palikuwa na mlango uliokuwa ukifunguliwa. Kutoka hapo na kwingineko, nyumba kama hizo zikaenea nchi nyingi. Lakini hata leo, palipo na nyumba, mara nyingi vitanda havitoshi, na mwanamke mwenye mtoto wa kiume aliyeshakuwa mkubwa, au mwenye ulemavu, au anayetumia dawa kila siku, ndiye wa kwanza kuambiwa hakuna nafasi. Wapo na wanaume wanaopigwa na wenzi wao wasiojua pa kupiga simu. Nimepokea simu zao. Husema kwa mzunguko mrefu sana kabla ya kufika kwenye jambo.

Ninapopokea simu sasa, swali langu la kwanza ni kama anaweza kuzungumza kwa usalama wakati huo. La pili ni kama anataka nimpigie mimi au atapiga mwenyewe, kwa namba ipi, saa ngapi, na kama mtu mwingine akipokea niseme mimi ni nani. Wengine hujibu papo hapo. Wengine hunyamaza, na ninausikia ule utafutaji wa jibu lisiloudhi. Huwa nasema sina haraka, kwa sababu zamu yangu ni ndefu na nimeiomba mwenyewe iwe hivyo. Mwezi huu tunatafuta fedha za mtu wa pili wa kuwatembelea waliokwisha kuhama, kwa kuwa aliyepo ana familia nyingi mno na zile Jumatano zimeanza kurukwa. Ukiwa na shirika kama letu karibu nawe na ungependa kuchangia, waulize nani anawatembelea manusura katika mwaka wa pili, na mshahara wake unatoka wapi.